Mashine ya boti inazima ukiipa mzigo? Acha kwanza hiyo kabureta

Wiki hii ni mtu wa tatu. Kaleta mashine kwenye guta kutoka Msasani, kabureta keshaifungua mwenyewe, jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, kaichokonoa kwa waya, halafu ananiambia maneno yaleyale, fundi pale ufukweni inanguruma safi kabisa, tukipakia watu tukaelekea kisiwa cha Bongoyo ukivuta moto inalegea, inalegea, inazima, sasa petroli si inafika maana inawaka, basi ni kabureta.

Dhana: inawaka vizuri ufukweni, kwa hiyo petroli inafika

Jamani hapana. Hii ndo inanichosha kuliko zote, maana inawala watu hela na kuna siku itawaacha pale mlango wa bandari meli inaingia. Mashine ya hospawa 40 tu-stroki, ile ya kuchanganya oili na petroli, kwenye sailensa, yaani ikinguruma tu bila kuongezwa moto, haimalizi hata lita 2 kwa saa, ukiifungulia yote inakunywa kama lita 15 mpaka 20. Kwa hiyo njia ikibana kidogo tu, sailensa wala haitahisi kitu, itaunguruma hapo mpaka jioni, ila ukiongeza moto inamaliza kilichomo kwenye kabureta halafu inakosa, inazima, ukikaa dakika mbili, ukivuta kamba ya kuwashia kabureta inajaa tena, inawaka, na wewe unaamini imepona.

Kabla hujagusa spana fanya hivi. Funga boti kwa kamba nene kwenye nguzo, hakikisha nyuma hakuna mtu wala kamba inayoelea, tia gia, ongeza moto. Mwenzio akae na kile kipira cha kubinya cha mpira wa mafuta. Ikianza tu kulegea, abinye. Ikipanda tena, ugonjwa uko kwenye kuleta petroli, yaani kuanzia tanki mpaka pampu ya mafuta, kabureta iache ilipo.

Kwa huyu wa Msasani tulifanya hivyo na tanki lake. Haikufika dakika tano kile kipira kikanywea chenyewe, kimebonyea kama embe lililofyonzwa. Kipira kikinywea maana yake mashine inavuta na huko nyuma hakuna kinachokuja. Nikalegeza mfuniko wa tanki, ikalia fyuuu, hewa inaingia, mashine ikapanda palepale. Kile kiskrubu cha hewa juu ya mfuniko kilikuwa kimeganda chumvi. Kazi yote ilikuwa hiyo, na jeti alishaiharibu, maana ile ni shaba laini, ukipitisha waya tundu linatanuka na mashine inakula mafuta bila mpango. Wenye kutumia dumu la kawaida mliopitisha mpira kwenye mfuniko na kuubana kabisa, ni shida ileile, dumu lazima lipumue.

Kisiponywea na bado ukibinya inapanda, tafuta hewa inayoingia njiani, klipu, konekta, mpira uliopasuka kwa jua, au ngozi ya pampu, ile inayochezacheza kusukuma petroli, imechoka. Na msiniambie mpira hauvuji. Mashine inavuta, kwa hiyo mpira unaweza kunyonya hewa siku nzima bila kudondosha hata tone. Ukibinya, kipira kigumu na bado inakufa, hapo sawa, tufungue kabureta.

Dhana: ukivuta choki inashika, basi plagi zimekufa

Choki inapunguza hewa ili petroli izidi. Ikishika kwa choki inakwambia ina njaa ya petroli, rudi juu usome tena. Umeme ukikatika mashine inazima ghafla kama umebonyeza swichi, njaa ya mafuta inazima taratibu inakwamakwama. Sikiliza inavyokufa.

Dhana: ongeza oili ipate nguvu

Haipati. Nyingi za tu-stroki ikishamaliza kipindi cha kuzoea ni 50 kwa 1, yaani nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, ila fuata kitabu cha mashine yako. Ukizidisha unapata moshi, plagi zinalowa, na masizi.

Dhana: propela kubwa ndo mbio

Kama mashine haifiki mizunguko yake ukifungua yote, propela kubwa inaibebesha gunia juu ya gunia. Kwa boti ya kupakia watu au barafu na samaki weka yenye pichi ndogo, yaani inayosonga mbele kidogo kwa kila mzunguko.

Dhana: maji yanachuruzika nyuma, haiwezi kuchemka

Yale maji yanaonyesha pampu inasukuma tu, hayaonyeshi kama njia za ndani na thamostati, ile inayofungua maji mashine ikipata moto, zimeziba chumvi. Ukishatoka baharini isafishe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, dakika kumi, kila safari, usingoje Jumapili.

Kuhusu petroli yenye maji hamna ubishi, chota ya chini kabisa ya tanki weka kwenye chupa ya maji ya kunywa inayoonyesha ndani, iache itulie, maji yatakaa chini utayaona kwa macho. Kipindi cha mvua hilo naliona sana kwenye matanki yanayolala nje.

Na ukija kwangu njoo na tanki lako na mpira wake wa mafuta, pamoja na ile petroli iliyobaki humo, usiniletee mashine peke yake.