Tiba ya magonjwa ya ndani kwa paka na mbwa ni nini?

Tiba ya magonjwa ya ndani ni tawi la udaktari wa wanyama linaloshughulikia viungo tusivyoviona: figo, ini, kongosho, matumbo, mapafu, moyo, pamoja na damu na tezi. Daktari wa tawi hili kwa kawaida hashiki kisu. Husikiliza maelezo ya mwenye mnyama, hupapasa tumbo, hupima damu na mkojo, hutazama picha za ultrasaundi, kisha hutibu kwa dawa na chakula na kuendelea kumfuatilia mgonjwa. Mbwa aliyegongwa na tuktuk akavunjika mguu ni wa daktari wa upasuaji. Mbwa anayekonda wiki baada ya wiki ilhali anakula vizuri ni wa huyu.

Ugumu wa kazi yake unaonekana vyema kwenye kiu. Paka mzee akianza kumaliza maji mengi kuliko zamani, hapa Mombasa, hasa miezi ya kaskazi, tunasema ni joto na habari inaishia hapo. Lakini paka kwa maumbile hunywa kidogo. Akipita takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kuna jambo. Kwa mbwa mpaka ni kama mililita 100. Kwa hiyo paka wa kilo 4 anayemaliza zaidi ya mililita 200, kiasi cha kikombe cha chai, kila siku, apelekwe kwa daktari. Kupima ni rahisi akiwa peke yake nyumbani: mwekee maji kwa jagi lenye alama, kesho yake upime yaliyobaki.

Nyuma ya kiu hiyo huenda figo zimechoka. Huenda ni kisukari, au tezi ya thairoidi iliyo shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Kwa mbwa jike asiyefungwa uzazi, huenda ni usaha uliojaa kwenye mji wa mimba, na hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Dalili ni moja, matibabu hayafanani hata kidogo, na sindano ya kubahatisha haitambui tofauti.

Wapo wanaoona vipimo kama mbinu ya kuongeza bili. Bei si ndogo, nakubali, na daktari anawajibika kueleza kila kipimo kinatafuta nini. Ila fikiria figo: mara nyingi hushindwa kukoleza mkojo zikiwa zimepoteza theluthi mbili ya uwezo wake, wakati kretinini, taka ambayo figo huichuja, kwenye damu hupanda waziwazi baada ya robo tatu kupotea. Daktari akiomba kupima mkojo pamoja na damu, anajaribu kuuwahi ugonjwa mapema.

Kwa mbwa wa pwani, kupe ndio mtihani mkubwa. Kupe wa kahawia hubeba vijidudu vya erlikia, na ugonjwa wake una hila: homa ya mwanzo huisha, mbwa huonekana mzima kwa miezi au hata miaka, kisha siku moja anatoka damu puani kwa sababu chembe za kugandisha damu zimepungua. Dawa ya kawaida, doksisaiklini, hutolewa kwa siku 28. Wengi huikatiza mbwa akianza tu kuchangamka, na hilo linaniuma, kwa sababu vijidudu vinaweza kubaki mwilini. Mbu nao husambaza minyoo ya moyo, kwa hiyo muulize daktari kuhusu kinga yake.

Kabla hujafika hospitali, usimpe dawa ya binadamu. Paracetamol humuua paka hata kwa kidonge kimoja, na ibuprofen huharibu tumbo na figo za mbwa. Ukishampa, mwambie daktari mara moja bila kuficha. Hilo linabadilisha matibabu yote.

Bingwa hupatikanaje? Nchini Kenya kila daktari wa wanyama lazima asajiliwe na Kenya Veterinary Board, na daktari wako wa kawaida ndiye hutibu mengi ya magonjwa haya. Ubingwa ni hatua ya juu yake. Marekani, ambako chuo cha mabingwa hawa kilianzishwa mwaka 1972, mhitimu huongeza kwa kawaida mwaka mmoja wa mazoezi ya jumla na mingine mitatu chini ya mabingwa, kisha hukalia mitihani. Ukielekezwa kwa bingwa, beba majibu yote ya vipimo, paketi za dawa alizopewa, na video ya kikohozi au kifafa, maana mnyama akifika mezani dalili hujificha.

Mengi ya magonjwa haya hayaponi; hudhibitiwa. Paka mwenye kisukari kwa kawaida huhitaji insulini, mara nyingi mara mbili kwa siku kila baada ya saa 12, ikiendana na chakula. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni zinakaa vizuri, hata Ramadhani: yeye asisogezewe sindano ifuate daku. Akikataa kula, mpigie daktari kabla ya kumchoma. Chupa ikae ndani ya friji, mbali na sehemu inayogandisha, na ikiwa stima hupotea mara kwa mara mtaani kwenu, mwulize daktari mapema ni muda gani dawa hiyo inastahimili joto letu.