Samaki wa Kivu: ya sokoni na ya ukweli

"Sambaza ni samaki wa asili ya ziwa letu." Hapana. Samaki huyu mdogo wa Ziwa Kivu, mpakani mwa Kongo na Rwanda, aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960. Waliomleta walimleta pamoja na ndagala wenyewe, dagaa wa Tanganyika, lakini ndagala hawakushika. Aliyebaki ni huyu tunayemkaanga, *Limnothrissa miodon*. Vijana wa Bukavu, mji ulio ukingoni mwa ziwa, wamezaliwa wakizikuta taa za ekipe, yaani makundi ya wavuvi wa sambaza, majini usiku, ndiyo maana ukiwaambia hivi wanabisha.

"Kadogo kanakong'aa? Sambaza huyo!" Hapa ndipo madaftari ya uvuvi yanapoharibika. Tangu 2006 imejulikana kwamba samaki mwingine wa Tanganyika, *Lamprichthys tanganicanus*, ameingia Kivu. Kwenye beseni la soko la Kadutu, Bukavu, nusu yao wakiwa wamekauka, anapita kirahisi. Mnyanyue mmoja. Sambaza ana pezi la mgongoni katikati ya mwili. Mwenzake analo limerudi nyuma, juu ya pezi refu la chini, na dume akiwa hai ana vitone vya buluu vinavyometameta ubavuni. Ukiwahesabu wote kama sambaza, utaandika kwamba sambaza hawapungui, kumbe anayeongezeka ni mgeni.

"Rangi inatosha kumtambua." Kwa samaki wa mawe wa jamii ya *Haplochromis*, rangi inadanganya kuliko kitu chochote. Kivu ina aina 15 zilizoelezwa za jamii hiyo. Dume anang'aa, jike ni kijivu-kijivu, na akishakufa mambo yote yanafifia. Hata pono wa matumbawe ya Unguja waliwahi kuwachanganya wataalamu: jike na dume walipewa majina ya aina mbili tofauti. Funua mdomo uangalie meno. Wanaokwaruza mwani kwenye mawe na wanaomeza samaki wenzao hawana meno ya namna moja.

"Tilapia ni tilapia." Wa asili, *Oreochromis niloticus*, ana mistari ya wima iliyopangika kwenye mkia. *Oreochromis macrochir*, aliyeletwa, hana. Basi.

"Kina kirefu kinaficha samaki wasiojulikana." Kivu ina mita 485, lakini chini ya mita 60 au 70 hivi hakuna oksijeni. Huko maji yamejaa gesi.

"Kuandika samaki ni kazi ya watafiti wa Lwiro tu," yaani wa kituo cha utafiti kilicho karibu na Bukavu. Simu ya mvuvi inafaa, mradi picha ipigwe vizuri: samaki alale ubavu, kichwa kushoto, mapezi yafunguliwe kwa kijiti, rula iwe pembeni. Kisha tarehe, aina ya wavu na jina analotumia mvuvi mwenyewe. Mahali ndipo wengi wanapozembea. "Ziwa Kivu" ni kubwa mno. Andika kama ni ghuba ya Bukavu au pwani ya kisiwa cha Idjwi, mawe au mchanga, na wavu ulishuka mita ngapi.