Je wajua kuna nyumba Zurich hupangi mpaka usaini kwamba huna gari?

Sio utani. Inaitwa Kalkbreite, ilifunguliwa 2014, na imejengwa juu ya depo ya tramu, yani tramu zinalala chini watu wanalala juu. Mwenye nyumba ni ushirika, wapangaji wenyewe ndo wanachama, na ukisaini mkataba unakubali kutomiliki gari, labda uwe mlemavu au kazi yako inalazimu.

Sasa Waswisi na hela zao zote wanajibana hivyo kwa nini?

Ilianzia kwenye hesabu. 1998 wataalamu wa chuo cha ETH, hukohuko Zurich, walisema mtu anaweza kuishi vizuri tu kwa wati 2000, ni kama kuwasha balbu 20 za wati 100 usiku na mchana bila kuzima, na humo kuna kila kitu, kupasha nyumba joto, usafiri, msosi, nguo. Mswisi wa kawaida alikuwa anakula zaidi ya mara mbili ya hapo. 2008 wakazi wa jiji wakapiga kura kama jiji lilenge wati hizo 2000, zaidi ya robo tatu wakasema sawa, ikaingia kwenye sheria mama ya jiji.

Ila ugumu uko hapa: unaweza ukajenga nyumba isiyopoteza joto kabisa, halafu kila mtu akataka sebule kubwa zaidi na chumba cha ziada, basi ulichookoa chote kimeliwa. Kwahiyo wakaanza kuuliza kinachotosha ni kiasi gani. Mswisi anakaa kwenye kama mita za mraba 46 kwa wastani, Kalkbreite ni kama 33, tena ukihesabu na sehemu za kushea. Vyumba vya wageni vipo vya kukodi, ya nini ulipie kodi mwaka mzima chumba cha shangazi anayekuja Krismasi tu? Kuna hadi kundi la wapangaji wanaochanga hela wanamlipa mpishi wanakula pamoja jioni (hii mimi ningeijaribu kesho).

Najua mtu wa uswahilini anacheka, sisi uwani tunashea toka zamani, tena hatukupigia kura. Tofauti ni kwamba wao wamechagua, na wamechagua wakiwa na tramu mlangoni. Mtu wa Chanika, kule pembezoni mwa Dar, mwambie asaini hana gari, atakuuliza Posta, katikati ya mji, atafika saa ngapi.