Mavuno endelevu: maana yake kwa anayepika kwa makala Goma

Gunia la makala likishushwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mama wa Goma haulizi bei kwanza. Anapenyeza mkono kwenye majani yaliyoziba mdomo wa gunia, anachomoa vipande viwili na kuvigonganisha. Vikilia kama chuma, huo ni mti mgumu, maharagwe yataiva. Vikiwa vyepesi, vyembamba kama kidole gumba, maneno yanaanza.

"Papa, haya ni makala ama ni vijiti?"

"Mama, miti minene nitaitoa wapi? Tunakata iliyopo."

Jibu la muuzaji linaeleza vizuri kile ambacho wataalamu wa misitu na uvuvi wanakiita mavuno endelevu: kiasi unachoweza kuchukua kwenye kitu kinachojizalisha chenyewe, kama msitu, samaki au malisho, bila kupunguza uwezo wake wa kuzaa tena. Mfugaji wa Masisi hahitaji kufundishwa hilo. Anakunywa maziwa, anauza ndama dume, lakini ng'ombe anayezaa hamgusi. Akianza kuchinja majike, nyama itakuwa nyingi kwa mwaka mmoja, kisha zizi litakuwa tupu.

Kwenye miti jambo hili halionekani haraka, ndiyo maana linahitaji kuelezwa taratibu. Chukua familia yenye shamba la mikaratusi, imeligawa sehemu 8. Tuseme mti unahitaji miaka 8 ili kutoa makala mazuri. Kila mwaka wanakata sehemu moja, na visiki vya mkaratusi huchipua vyenyewe. Mwaka wa tisa wanarudi sehemu ya kwanza na kuikuta imekomaa. Wanaweza kuishi hivyo, wao na wajukuu wao.

Sasa rudi mwanzo, shamba lote likiwa limekomaa, lakini watoto wameoa na mbabula moja, yaani jiko la makala, imekuwa mbili. Wanakata sehemu mbili kwa mwaka. Mwaka wa kwanza hakuna shida, wa pili hakuna, wa tatu hakuna, hata wa nne magunia yanajaa. Mwaka wa tano wanarudi walikoanzia na kukuta miti ya miaka 4, myembamba kama mkono wa mtoto. Sehemu mbili hazijazi tena magunia yale yale, basi wanaongeza ya tatu, na hiyo miti yake ina miaka 3 tu. Kuanzia hapo kila mwaka wanakata eneo kubwa zaidi na kupata makala machache zaidi. Kosa lilifanyika mwaka wa kwanza. Dalili zimeonekana mwaka wa tano. Kile kipande chembamba mkononi mwa yule mama ndiyo dalili yenyewe.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 300, nalo lilizaliwa karibu na tanuri. Hans Carl von Carlowitz alikuwa mkuu wa migodi huko Freiberg, Ujerumani. Kuyeyusha madini ya fedha kulihitaji kuni na makala mengi, na misitu ya jirani ilikuwa inakwisha. Mwaka 1713 aliandika kwamba msitu utumiwe kwa namna ya kudumu: kinachokatwa kisizidi kinachoota. Lile neno "maendeleo endelevu" ambalo leo liko katika kila hotuba lilienea baadaye sana, kupitia ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwe. Mimi napendelea lugha ya tanuri, kwa sababu ina kipimo ndani yake.

Ongezeko la watu linaingia hapa kupitia hesabu ya kujirudia maradufu. Idadi inayokua kwa asilimia 3 kwa mwaka huwa mara mbili kwa miaka 23 au 24 hivi, na Kongo inakua kwa zaidi kidogo ya hapo. Mwaka 1960 nchi nzima ilikuwa na watu milioni 15 hivi. Leo wamepita milioni 100. Mlima haujaongezeka. Mti wa miaka 8 bado unahitaji miaka 8.

Goma iliwahi kuiona hesabu hii kwa kasi ya kutisha. Julai 1994 wakimbizi zaidi ya laki saba kutoka Rwanda waliwekwa kwenye makambi kuzunguka mji, Mugunga na Kibumba miongoni mwao, pembeni kabisa mwa Hifadhi ya Virunga. Kila familia ilihitaji kupika, na kuni zilitoka hifadhini. Mwaka huohuo Virunga, hifadhi iliyoanzishwa 1925 na kuingizwa kwenye urithi wa dunia 1979, iliandikwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Siwezi kumlaumu mama aliyekuwa anatafuta moto wa kumpikia mtoto uji. Lakini msitu haujui sababu ya shoka.

Hata hivyo, anayesema tatizo ni watu kuzaa sana ameona nusu tu. Mavuno hutegemea pia jinsi kila mtu anavyotumia. Katika tanuri la kufukia kwa udongo, kilo 1 ya makala mara nyingi hula kilo 6 za kuni au zaidi. Tanuri likisimamiwa vizuri, miti hiyohiyo hutoa magunia mengi zaidi. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji moto wa nusu siku. Mbabula iliyofunikwa udongo ndani hutunza joto. Umeme wa maji wa Matebe, Rutshuru, ulioanza 2015, unaweza kuchemsha sufuria bila mti wowote, kwa nyumba iliyofikiwa na waya na yenye uwezo wa kulipia.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu hulipita haraka na kwetu ndilo zito kuliko yote. Kupanda mti ni kuamini kwamba baada ya miaka 8 utakuwa bado kwenye kilima chako. Mkulima aliyekimbia vita mara tatu, au asiye na karatasi ya shamba, atakata leo, na mimi katika nafasi yake ningekata. Usalama na haki ya ardhi ni sehemu ya mavuno endelevu kama mvua ilivyo.

Madini ni habari tofauti. Koltani, madini ya kutengenezea simu yanayochimbwa Rubaya huko Masisi, haichipui. Kwa kitu cha namna hiyo hakuna kiasi cha kuchukua ambacho kitarudi, na swali halali linabaki moja: shimo likiisha, watoto wa Rubaya watakuwa wameachiwa nini, shule, barabara, au tope?

Ziwa Kivu, kwa hesabu hii, liko kundi moja na msitu. Sambaza wake, samaki wadogo, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na wakazaana wenyewe. Huzaa haraka kuliko mti wowote, kwa hiyo huvumilia kuvuliwa sana, mradi wapewe nafasi ya kukua. Wavu wenye matundu madogo mno, au chandarua cha mbu, huwachota kabla hawajataga hata mara moja. Upande wa Rwanda uvuvi wao hufungwa kwa kipindi fulani cha mwaka. Ukifunguliwa, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa milunda hutoka tena usiku na taa zake, na asubuhi sambaza wanaomwagwa kwenye beseni wana urefu wa kidole.