Homa ya Nguruwe: Kabla ya Kulalamikia Karantini

Ofisini kwetu, ya mifugo hapa Mbeya, malalamiko ya karantini ya homa ya nguruwe ya Afrika hayakauki: wafugaji, wenye bucha, na zaidi wenye majiko ya kitimoto, yaani nyama ya nguruwe. Tunawaelewa. Ila wengi huanza hivi: "Mtaalamu, huu ugonjwa ni baridi tu." Si baridi. Ni kirusi, na hakina miguu.

Kwa asili ni cha ngiri na kupe laini wa mashimoni. Mtoto wa ngiri huumwa na kupe akiwa shimoni, kirusi kikaingia damuni, naye akaendelea kula majani kama kawaida. Hao wameishi pamoja tangu enzi na enzi, wameshazoeana. Nguruwe wa bandani ni mgeni kwenye ukoo huo. Kwake kirusi huingia kwa mdomo au pua, kikavamia seli nyeupe zilezile zilizopaswa kukimeza, kikazaliana humo humo. Ndani ya siku 4 hadi 19 homa inapanda, anagoma kula, masikio yanageuka zambarau. Banda zima linaweza kwisha.

Mlipuko ulioanzia Kyela mwishoni mwa 2010 ulifika hadi Dar es Salaam. Ngiri gani huyo aliyepanda basi? Ni sisi: nguruwe hai, nyama, magari, buti zenye tope, dume la kuazimana. Na kirusi hubadilika. Hapa Afrika Mashariki wamepatikana nguruwe wanaoonekana wazima huku wamekibeba, kwa hiyo dume "aliyepona" asipelekwe kupandisha kwa jirani.

Sasa utaratibu. Nguruwe akifa ghafla, mwarifu afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Usimchune, usimtupe mtoni, usimzike kabla afisa hajafika. Atachukua damu na kipande cha bandama, ataviweka kwenye barafu na kuvipeleka maabara ya veterinari. Karantini ikitangazwa chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003, nguruwe haingii wala hatoki, awe hai au nyama. Anayesafirisha bila kibali huzuiwa, mzigo huteketezwa, na suala la faini au kifungo ni la mahakama. Kutupigia simu usiku kuomba "tumwangalie huyu mmoja tu" hakubadilishi kitu.

Ni kweli binadamu haambukizwi. Hiyo si ruhusa ya kuwauza wagonjwa kwa bei ya kutupa. Kiroba cha nyama mbichi kinachovuja damu nyuma ya bodaboda kinasambaza ugonjwa njia nzima, na kwenye nyama iliyogandishwa kirusi hudumu miezi mingi. Sindano za viuavijasumu hazikigusi, hata mchome kila siku.

Makombo ya hotelini yachemshwe dakika 30 yakitokota, si kupashwa moto. Mlangoni weka beseni la dawa ya kuua vimelea, uibadilishe ikichafuka. Na afisa wetu akitaka kuingia bandani kwako na buti alizotoka nazo kwa jirani, mzuie.