Je, wajua kwa nini gari la zamani la EFI (lenye mafuta yanayonyunyizwa kwa amri ya kompyuta) hutulia kwenye silensa, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, likasinzia mlimani?

Corolla ya miaka ya 1990 inaweza kunguruma uani asubuhi nzima bila kukohoa hata mara moja. Ipandishe mlima mkali wa Kitonga, Iringa, na abiria wanne, unakanyaga mafuta haivuti. Fundi mwenye haraka atakwambia pampu imekufa, leta hela. Huenda ni kweli. Huenda pia ni waya ulioota kutu.

Kompyuta ya gari hili haipimi petroli inayopita kwenye nozeli zinazoinyunyizia injini. Inahesabu muda tu: inazifungua kwa milisekunde chache, ikiamini kwamba presha ipo. Presha ikishuka hadi nusu, muda uleule hutoa takriban asilimia 70 tu ya mafuta. Kwenye silensa injini hunywa kidogo, kwa hiyo hata pampu iliyochoka au filta iliyoziba inamudu. Mlimani ndipo deni linapodaiwa.

Basi funga geji ya presha ya mafuta kwanza. Kwa injini kama 4A-FE ya Toyota, ukichomoa mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, presha inatakiwa kuwa psi 38 hadi 44. Ikisoma 25, bana kidogo, kwa sekunde moja tu, mpira unaorudisha mafuta tangini. Mshale wa geji ukipaa, pampu ni nzima. Regyuleta ndiyo inayoachia. Usipopaa, rudi nyuma ukague filta, kichujio cha ndani ya tangi, na umeme.

Umeme ndio unaosahauliwa, na kwa maoni yangu ndio unaouza pampu nyingi bila sababu. Pima volti kwenye soketi ya pampu yenyewe injini ikiwa inafanya kazi. Betri ikionyesha 13.8 na pampu ikapata 10, lawama ni ya relei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu) au nyaya, na hata pampu mpya utakayofunga italegea vilevile.

Regyuleta nayo ina kipimo kisichohitaji geji. Ule mpira mwembamba wa vakyumu, ukishauchomoa, unuse. Ukiukuta na petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na injini inavuta mafuta kwa mlango wa nyuma, nje kabisa ya hesabu za kompyuta. Ndiyo maana utakuta gari linatoa moshi mweusi, ilhali geji inasema presha iko chini.