Bahari ya Kusini haikodishwi

Juzi nimepigiwa simu na kijana wa Dar. Wako wanane, walisoma chuo pamoja, wana siku nne, na wanataka "Mtwara, Mikindani, Lindi na visiwa vyote vya Kilwa". Nikamjibu sawa, ngoja kwanza niangalie maji. Akacheka. "Kaka, maji ya nini tena? Si tunakodi boti?"

Maneno hayo nimeyasikia tangu nilipoanza kutembeza wageni ukanda huu, na nimechoka kuyajibu kwa simu kwa gharama ya vocha yangu. Leo nayajibu yote mahali pamoja, pamoja na mengine yanayofuatana nayo.

"Boti tumeikodi, itaondoka tukiwa tayari"

Hii ndiyo inayonikondesha. Ulichokodi ni mbao, mafuta na siku ya nahodha. Maji hujayakodi.

Kila mtu anajua kwamba bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wasichokijua watu wa bara, na wa Dar wengi wamekisahau, ni kwamba haipwi kwa kiasi kilekile kila siku. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja mbili baadaye linaingia bamvua. Hapo tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa hupita mita 3. Yakijaa yanagusa mizizi ya minazi, yakipwa unaona wanawake wanachokoa pweza mahali ambapo jana jioni ulipita na boti. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana, tofauti yake ni kama mita 1 hivi.

Na saa zake hazibahatishi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni. Hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50, ndiyo maana baada ya wiki moja mambo yanakuwa yamepinduka: siku za maji mafu bahari hujaa karibu na saa nne asubuhi na hupwa karibu na saa kumi jioni.

Sasa kundi la marafiki waliolala saa nane usiku huamka, hunywa chai, humsubiri mmoja wao amalize kuoga, na kufika ufukweni saa ngapi? Saa nne. Kila mara saa nne. Kama ni bamvua, wamefika saa ile ambayo bahari imekwenda zake.

Kibaya zaidi, wengi wenu mnakuja Idi. Idi ya kumaliza mfungo ni mwezi mosi Shawwal, maana yake mwezi umeandama jana. Mwezi ukiandama, bamvua hilo hapo. Haijawahi kutokea Idi hiyo ikaangukia maji mafu, na haitatokea. Idi ya kuchinja ni siku ya kumi ya mwezi mwandamo, hiyo ni maji mafu, bahari inakuwa na adabu. Lakini Idi ya kuchinja watu wanabaki nyumbani na nyama.

Kuna Idi moja nilipokea kundi la watu tisa Kilwa Masoko. Tulikubaliana saa kumi na mbili kamili, kibali cha kuingia magofuni nilishachukua siku moja kabla. Walitokea saa nne kasoro robo, na deli la vinywaji, spika kubwa kama begi la shule, na ndala za kuogea miguuni. Nahodha alikuwa ameketi kivulini. Hakusema kitu, alinyoosha kidole cha mguu kuelekea boti yake, iliyokuwa imelala ubavu kwenye mchanga mkavu.

Wakasema lakini wamelipia. Nahodha akatafuta boti ya mwenzake iliyokuwa imetia nanga kwenye kina, tukaifuata kwa miguu, tukaenda Songo Mnara, zaidi ya saa moja kwa injini. Kufika kule boti haikuweza kukaribia. Songo Mnara hata siku za kawaida utalowa magoti. Siku ile tulishushwa mbali, tukatembea kwenye tope, halafu mikoko, halafu tope tena. Ndala nne zilimezwa hukohuko. Spika na deli viliwaelemea, wakaviweka juu ya mizizi ya mkoko, "tutavikuta tukirudi". Niliwaambia wasiviache. Nikaambiwa nisiwe mwoga.

Maji yakirudi hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanavizia, saa ya pili unaanza kuyaona, saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Tulizunguka magofu kwenye jua la saa sita, na tuliporudi saa nane kasoro, njia tuliyopita ilikuwa ndani ya maji ya kiunoni. Deli lilikuwa linaelea. Spika haikuwa inaelea.

Mmoja wao aliniuliza kwa nini nahodha asitumie injini kubwa zaidi. Injini yenye nguvu za farasi 40 kwenye maji ya magotini inachofanya ni kuvunja propela mapema zaidi.

Simu siku hizi zina programu za jedwali la maji, na ni nzuri, ila watu wanasoma saa tu bila kusoma mita. Saa inakwambia maji yatajaa lini. Mita inakwambia kama ni bamvua au maji mafu, na hilo ndilo linaloamua kama utashuka na viatu au bila viatu.

Ushauri wangu, na huu nautoa hata kwa asiyeuliza: pangeni safari kwa kalenda ya Kiislamu, hata kama nyote ni Wakristo. Tarehe 8 hadi 10 za mwezi mwandamo, na 22 hadi 24, ni maji mafu. Siku hizo hata wavivu wanapata maji, maana yanajaa saa nne ileile wanayoipenda. Ukija siku za bamvua, unaamka kabla ya adhana au unangoja maji yaanze kurudi mchana, basi. Tena Juni hadi Agosti kusi, ule upepo wa kusini, likishika, mchana bahari inachafuka, kwa hiyo hiyo ya kungoja nayo inakufa. Unabaki na alfajiri.

Mwenye gari asijione amepona. Msimbati, ufukwe wa huku Mtwara, watu wanapenda kuendesha kwenye mchanga wakati maji yamepwa, wanaegesha chini, wanaogelea, wanalala usingizi chini ya mvinje. Kamba ya kuvutia gari ninayo, na bei yake huwa naitaja baada ya maji kufika kwenye milango.

"Songo Songo na Songo Mnara ni kitu kimoja"

Songo Songo ni kisiwa cha gesi, kipo baharini upande wa Kivinje, na gesi yake imekuwa ikienda Dar tangu 2004. Songo Mnara ni kisiwa cha magofu, kipo kusini ya Kilwa Kisiwani. Ukimwambia nahodha jina moja ukimaanisha jingine, utalipia mafuta ya kwenda kutazama mitambo.

Na Kilwa ziko tatu. Masoko ndipo unapolala na kupanda boti. Kisiwani ndipo palipo na Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa (kasri la sultani) na Gereza, ambalo ni ngome ya zamani. Unavuka kutoka Masoko, si mbali kama Songo Mnara. Kivinje ni mji wa bara wenye nyumba za zamani zinazobomoka huku watu wanaishi humo. UNESCO iliviorodhesha Kisiwani na Songo Mnara pamoja mwaka 1981, na nadhani ndiyo maana watu hudhani ni mlango na dirisha. Anayesema "ni magofu tu" namwambia Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na akausifu mji kwa uzuri wake. Huwa wananiuliza kama alikuja kwa basi.

"Januari ni kiangazi, tutakuja Januari"

Kiangazi cha Dar. Ninyi mna vuli na masika, katikati mnapata jua, mnadhani nchi nzima iko hivyo. Lindi na Mtwara tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei. Januari huku ni mahindi shambani, matope Newala, na mbu. Barabara kuu ni ya lami, lakini msiitegemee kupita kiasi: Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata upande wa Kilwa na watu walikwama njiani na maroli yao. Njooni Septemba au Oktoba. Kusi limechoka, mvua bado, na korosho mpya ndiyo zinaanza.

"Kusini kote ni palepale"

Kutoka Mtwara hadi Mikindani ni kilomita 10 na kitu, hiyo unakwenda kwa bajaji, unaona boma la Wajerumani la 1895 na kurudi kabla chakula hakijapoa. Kutoka Mtwara hadi Lindi ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Kutoka Mtwara hadi Kilwa Masoko ni karibu kilomita 300, na basi la Mtwara kwenda Dar haliingii Masoko. Linakushusha Nangurukuru, unatafuta usafiri mwingine. Kwa hiyo "tutalala Mtwara, Kilwa tutaenda asubuhi na kurudi" ni siku nzima ya kuangalia kisogo cha dereva. Ukitoka Dar anza na Kilwa, ipo njiani, halafu shuka Lindi, kula samaki wa kukaanga Mnazi Mmoja, malizia Mtwara. Kila mwaka nasema hivi na kila mwaka watu wananipita Nangurukuru usiku wakiwa usingizini, kisha wananipigia kutoka Mtwara.

Daraja la Umoja, lile la kuvuka Ruvuma kwenda Msumbiji, pia halipo Mtwara mjini. Lipo Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, mbele ya Masasi. Hapana, hatuendi "kupiga picha mara moja".

"Tukiwa wengi ndiyo nafuu"

Mpaka watu sita, kweli. Gari moja, boti moja, vyumba vitatu, sahani mbili kubwa za wali na samaki. Wa saba anapoongezeka mnahitaji gari la pili au Noah ya kubanana, na wa nane anahitaji boti ya pili, kwa sababu nahodha ninayefanya naye kazi habebi mtu asiye na jaketi la kuokolea, na ana majaketi tisa. Moja analivaa mwenyewe, moja nalivaa mimi. Kwa hiyo watu tisa na mimi ni boti mbili, mafuta mara mbili. Watu wanapiga hesabu ya kugawana ile boti ya kwanza tu.

Halafu kuna michango. Aliyelipa wote, aliyelipa nusu, na yule "nitatuma nikifika". Namwachia kila kundi mhazini wake, ila mafuta nataka kabla ya kushusha boti. Si kwa ubaya. Nahodha ananunua petroli kwa dumu, na kituo cha mafuta hakijui habari za rafiki yenu ambaye mtandao wake unasumbua.

"Lindi tutaona yule mjusi mkubwa"

Mjusi, yaani dinosaria, yuko Berlin. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini, kati ya 1909 na 1913, na mifupa iliyosimamishwa kule ina urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ukienda Tendaguru leo utakuta kilima, majani, na ukimya. Hakuna sanamu wala tiketi.

Huwa nakubali kupeleka watu wachache sana, wale ambao wakishaambiwa hayo bado wanataka. Nawaonyesha upande ilikopita njia ya wapagazi, maana mifupa yote ile, zaidi ya tani 200, ilibebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne kwa mguu. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kundi la mwisho nililolipeleka huko walikuwa watatu, akina dada, walimu wa Masasi. Walikuja na viatu vya kufunga, maji ya kutosha, na walikuwa tayari saa kumi na moja na nusu, wamekaa barazani wakinisubiri mimi.